Kamera usinunue: jibu kwa mama wa Tanga anayetaka kumpiga bibi picha

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Kila Idi tunakusanyika kwa bibi yetu Pangani, ambaye sasa ana miaka themanini. Picha ninazopiga kwa simu haziniridhishi. Watu wakikaa barazani nyuso zinatoka nyeusi na nyuma kunang'aa, watoto wanatoka kama moshi, na usiku ndiyo kabisa. Nimejiwekea laki sita. Je, ninunue kamera, au nibadilishe simu? La pili, bibi ana picha moja tu ya harusi yake, ya mwaka 1962, na imeanza kuliwa na unyevu. Naweza kuipiga kwa simu isipotee?"

Marahaba, mwanangu. Kamera usinunue, na simu usibadilishe. Kwa laki sita utapata kamera iliyokwisha tumika, na ukiishika pale barazani kwa bibi itakutolea nyuso nyeusi zilezile. Shida iko mahali unapowakalisha watu na mahali unaposimama wewe, na hiyo inatengenezeka Idi hii hii bila kutoa hata senti.

Kabla ya yote, geuza simu uitazame lenzi ya nyuma. Simu inashikwa jikoni, inaingia mkobani, mtoto anaigusa kwa kidole kilichotoka kwenye sambusa. Utando mwembamba wa mafuta juu ya lenzi unatawanya mwanga, picha inatoka kama imepigwa kupitia chandarua, na kila taa inaota mikia. Chukua kipande cha kanga kuukuu iliyolainika, kikavu na kisicho na mchanga, ufute taratibu. Fanya hivyo kila unapoitoa simu kupiga picha. Mara nyingi nimeletewa simu studio nikiambiwa kamera imekufa, na nilichofanya ni kufuta lenzi na kumrudishia mwenyewe.

Sasa tuje barazani. Baraza ina paa, kwa hiyo watu wako kivulini, na nyuma yao ni uwanja unaopigwa na jua. Wewe umesimama mlangoni unatazama nje. Macho yako yanaweza kuona uso wa bibi na uwanja kwa pamoja, lakini simu haiwezi kuvibeba vyote viwili. Inapima mwanga wa picha nzima, inaona uwanja unavyowaka, inapunguza, na nyuso zinazama gizani. Dawa yake ni kubadilishana nafasi. Toka wewe usimame uwanjani, mgongo uupe mwanga, na wao wabaki barazani wakikutazama. Mwanga uliokuwa ukiwaharibia kwa nyuma sasa unawashukia usoni, na kwa sababu wako chini ya paa hawalazimiki kukunja macho. Wavute hadi ukingoni mwa baraza. Wakijibanza ukutani huko ndani, giza linaongezeka kwa kila hatua.

Jambo hilohilo linafanya kazi ndani ya nyumba. Dirisha likiwa nyuma ya mtu, uso unakufa. Mgeuze alitazame dirisha, au alipe ubavu, nawe usimame kati. Ningekuwa na siku moja tu ya kumfundisha mtu kupiga picha, ningeimaliza yote hapo dirishani, nikimzungusha mtoto mmoja kwenye kigoda polepole, nikimwonyesha mwanga unavyohama kutoka shavu moja hadi jingine na macho yanavyowaka ghafla yakipatana na dirisha. Kile kinukta cheupe cha dirisha ndani ya mboni ya jicho ndicho kinachofanya mtu aonekane yuko hai. Kitafute kila unapopiga. Kisipoonekana, mwombe ainue kidevu kidogo au asogee nusu hatua.

Pangani mna neema moja, mchanga. Ua wenye mchanga mweupe unarudisha mwanga juu, unajaza mashimo ya macho na kivuli cha chini ya kidevu, na bure kabisa unapata kazi ambayo sisi wa studio tunaifanya kwa kushika ubao mweupe. Udongo mwekundu nao unarudisha mwanga, ila pamoja na wekundu wake. Na hapa niseme jambo linaloharibu picha nyingi za shughuli kuliko watu wanavyodhani: turubai la bluu. Jua likipita kwenye turubai la bluu, kila aliye chini yake anageuka bluu, uso, kanzu, pilau na yote, na rangi hiyo ni kazi ngumu kuitoa baadaye. Mkilazimika kutandika turubai kwa ajili ya wageni, watoeni watu nje yake kwa dakika tano za picha. Turubai jeupe halina neno, linalainisha jua vizuri sana.

Kuhusu saa. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda karibu wima. Saa nne asubuhi limeshakuwa kali, na saa sita liko utosini, linachimba mashimo meusi machoni na kuacha pua inang'aa. Mwanga laini wa jioni unaanza kama saa kumi na nusu, na jua likishatua unabaki na dakika kama ishirini za mwanga tulivu usio na vivuli, kisha giza linaingia kwa haraka. Dakika hizo ishirini ni nzuri mno kwa uso wa mzee. Lakini siku ya Idi nakushauri usingoje jioni kwa picha ya pamoja. Ikifika saa kumi watoto wameshajimwagia juisi, kanzu zina rangi ya biriani na nusu ya wajomba wameshapanda gari. Ipige mara watu wanaporudi kutoka kuswali, kabla sahani hazijatoka. Jua litakuwa limeshapanda kiasi, kwa hiyo tumia kivuli cha nyumba. Asubuhi kivuli kiko upande wa magharibi wa nyumba, alasiri kinahamia mashariki. Nenda siku moja kabla, uone kinafika wapi na kama nyuma ya watu kutakuwa na ukuta mtulivu au kamba ya nguo.

Kuna jambo jingine kuhusu nyuso kutoka nyeusi, na hili wengi hawajaambiwa. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kuamini kwamba kila kinachotazamwa, ukikichanganya, ni kijivu. Ukiielekeza simu kwa wanaume kumi waliovaa kanzu nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, kanzu zinakuwa za kijivu na nyuso zinapotea. Ukiielekeza kwa akina mama waliovaa mabuibui, inafanya kinyume, inaongeza mwanga na nyuso zinapauka. Kwa hiyo usiiachie iamue peke yake. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, shikilia kidole hapo hadi alama itulie, kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga au chini kuupunguza. Simu nyingi huonyesha kialama cha jua. Kwenye kanzu, ongeza kidogokidogo huku ukitazama tarizi ya shingoni. Nyuzi zikiwa bado zinaonekana, hujazidisha. Zikifutika pakabaki weupe mtupu, rudi chini kidogo.

Tatizo hili halikuanza na simu. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha picha za filamu za rangi za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa. Rangi ilirekebishwa mpaka ngozi yake ipendeze, na ngozi nyeusi ikatoka ilivyotoka. Watu wetu wengi walipigwa picha wakaambiwa "umetoka mweusi mno" kana kwamba wao ndio wenye kasoro. Mambo yamebadilika; mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakisema kamera yake imerekebishwa ili ngozi nyeusi itoke kama ilivyo. Hata hivyo simu nyingi zinazouzwa kwetu zinakuja na kile kitufe cha kurembesha uso kikiwa kimewashwa tangu kiwandani. Kinapausha ngozi, kinapunguza pua na kufuta mikunjo. Kitafute ukizime leo. Bibi ana miaka themanini, na wajukuu zake wana haki ya kuuona uso aliokuwa nao. Ngozi nyeusi ikipata mwanga wa dirisha ina rangi nyingi sana ndani yake: kuna shaba kwenye paji la uso, wekundu kwenye shavu, na karibu zambarau pale chini ya taya. Nimezitazama kwa miaka 28 na bado zinanisimamisha.

Watoto wanaotoka kama moshi. Simu haina uwezo wa kuongeza mwanga wa chumba, kwa hiyo mwanga ukiwa haba inaacha kamera imefumbua jicho kwa muda mrefu zaidi, labda sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Ni muda mfupi, lakini mtoto anayekimbia mita tatu kwa sekunde anakuwa ameshasogea sentimita 20 kabla jicho halijafumba. Huo ndio moshi unaouona. Nje kwenye mwanga mwingi, jicho hilo linafumba kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, na mtoto yuleyule amesogea milimita sita tu. Kwa hiyo michezo ya watoto ipige nje, mchana, na usihangaike nayo sebuleni. Shikilia kitufe cha kupigia ili simu ipige picha nyingi mfululizo (kwenye baadhi ya simu unakivuta pembeni), kisha uchague moja au mbili na kufuta zilizobaki usiku huohuo. Ukiziacha, utakuwa na picha 400 za kuruka kamba na hutaitazama hata moja.

Na uiname. Picha nyingi za watoto zimepigwa kutoka juu, utosi mkubwa na miguu midogo, kwa sababu mama amesimama. Kaa kwenye mkeka. Macho ya mtoto na lenzi vikiwa usawa mmoja, anaacha kuwa kitu kidogo kilicho chini, anakuwa mtu. Usimwambie "cheka". Mtoto akiambiwa acheke anaonyesha meno tu. Mpe kazi: amwage mchele kwenye ungo, amfunge kaka yake vifungo vya kanzu, ahesabu senti za sikukuu. Atakusahau ndani ya dakika mbili, na hapo ndipo upige.

Picha ya pamoja ni kazi ya peke yake. Seydou Keïta, mpigapicha wa Bamako nchini Mali aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga wateja wake uani kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali kwa kawaida alimpiga mtu mara moja tu. Kazi yake ilikuwa imekwisha kabla hajabonyeza: ameshamkalisha mtu, ameshaupanga mkono, ameshaligeuza bega. Leo kubonyeza ni bure, na ndiyo maana tumeacha kupanga. Panga kwanza. Watoto wakae mkekani mbele, wazee kwenye viti mstari wa pili na bibi katikati yao, watu wazima wasimame nyuma, warefu katikati. Wasogezane mpaka mabega yagusane. Nafasi ambayo kwa macho ni ndogo, kwenye picha inaonekana kama ugomvi. Usimweke mtu mnene wala mzee pembeni kabisa, maana lenzi ya simu inavuta vitu vya pembeni na kuvipanua. Ile lenzi pana zaidi, ya kuingiza watu wengi, inazidi kwa tabia hiyo. Afadhali urudi nyuma hatua tano utumie lenzi ya kawaida. Kisha waambie wote wafumbe macho, hesabu moja, mbili, wafumbue kwenye tatu, na upige kumi mfululizo. Katika watu 25 yupo daima aliyefumba. Ndiyo maana ya zile kumi.

Sasa nikuulize, mwanangu: wewe uko kwenye picha ngapi? Mama anayepiga picha za nyumba nzima huwa hayupo kwenye hata moja. Naliandika hili kwa uchungu. Marehemu mama yangu alikuwa ndiye anayesimama pembeni akishika mikoba ya watu nikipiga picha za ukoo. Nimepiga harusi za watu mamia, lakini yeye nina picha zake tatu tu, na katika moja amegeuka anamwita mtoto. Nilidhani kesho ipo. Kwa hiyo itafutie simu yako mahali pa kukaa: stendi ndogo, au juu ya ndoo iliyogeuzwa, ikiegemea tofali. Weka taima ya sekunde kumi, bonyeza, tembea ukakae karibu na bibi. Usikimbie, sekunde kumi zinatosha. Ikiwa simu yako inaweza kupiga tatu mfululizo kwa taima, chagua hiyo. Na siku za kawaida mpe mtoto wako mkubwa simu akupige. Atakata vichwa mwanzoni. Mwache aendelee, atajifunza, na picha hizo zitakuwa za jinsi yeye alivyokuwa akikuona.

Ukimaliza picha ya pamoja, usifunge simu. Picha ya bibi nitakayoitamani mimi kuiona ni ya jikoni. Siku moja kabla ya Idi, bibi akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, kaa upande wa pili wa mlango ili mwanga wa mlangoni umguse kwa ubavu. Zima taa ya jikoni, kwa sababu balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana uso unatoka rangi mbili. Anza na chumba kizima: mafiga, sufuria, ungo ukutani. Kisha sogea, kwa miguu yako, usivute kwa vidole, maana kuvuta kwa vidole kwenye simu nyingi ni kuikata tu picha na kuipanua, inabaki chembechembe. Piga uso ukiwa umeinama. Sogea tena, upige mikono peke yake: kifuu kinavyozunguka kwenye meno ya mbuzi, nazi nyeupe inavyoanguka sahanini, pete iliyokwama kwenye kidole kwa miaka. Nazi nyeupe itajaribu kuidanganya simu kama kanzu zilivyofanya. Gusa mkono kwenye kioo, ndipo ubonyeze.

Lakini muombe kwanza. Pwani kwetu mwanamke akiwa ndani kichwa wazi, hiyo ni faragha yake, na umri hauiondoi. Mwambie "Bibi, nataka nikupige unavyokuna nazi," ajitande mtandio akitaka, na ukishapiga mwonyeshe. Asipoipenda ifute mbele yake. Shughuli za wanawake zikisema simu zisiingie, simu isiingie. Na picha za watoto usizitupe hadharani ovyo, hasa wakiwa wanaoga, wakiwa na sare inayotaja shule yao, au zikionyesha wanapoishi. Wao hawajaulizwa, nawe ndiwe wa kuwalinda.

Usiku sitakudanganya, simu inashindwa na sisi wa studio tunashindwa nayo. Flashi ya simu inafika mita mbili au tatu hivi, zaidi ya hapo inamulika vumbi. Njia ya usiku iliyo kwenye simu inafumbua jicho kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo inafaa kwa mtu aliyetulia na simu iliyoegemezwa mahali, haifai kwa ngoma. Unachoweza kufanya ni kuwasogeza watu karibu na taa moja, ukutani penye rangi nyeupe, na taa iwe mbele yao juu kidogo, isiwe utosini. Mkiwa na simu mbili, mwenzako amulike ukuta mweupe ulio mbele ya watu kwa tochi yake, mwanga urudi umelainika. Ukipata picha tatu nzuri usiku mzima, umefanya vizuri.

Sasa zile laki sita. Sehemu ndogo nunulia stendi na flashi ya kompyuta au memori kadi nzuri, na nyingine safishia picha. Picha iliyo kwenye simu tu iko ukingoni: simu inaibiwa, inaangukia ndooni, inajaa na mtoto anafuta. Hamishia kwenye kompyuta au kwenye ile flashi, na nakala nyingine ikae nyumba nyingine, kwa dada yako kwa mfano. Zile akaunti za kuhifadhi picha mtandaoni zinasaidia, ila Google waliacha kutoa nafasi isiyo na kikomo tangu Juni 2021, sasa bure ni gigabaiti 15 zinazogawanywa na barua pepe zako, na zinajaa upesi.

Unapompelekea mtu wa studio, usimtumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na inapoteza undani wake mwingi. Tuma kama faili, au peleka memori kadi mwenyewe. Kile kitufe cha HD kilichoongezwa mwaka 2023 kinapunguza hasara, hakiimalizi. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 inatakiwa kama nukta 1200 kwa 1800, na simu ya megapikseli 12 inakupa 3000 kwa 4000, kwa hiyo hata ukubwa wa karatasi ya A4 unaumudu, mradi umepeleka ile ya asili. Jambo moja la kukumbuka tangu wakati wa kupiga: picha ya simu ni fupi na pana kuliko karatasi ya 4 kwa 6. Mashine itakata juu na chini ili ijae. Ukibana vichwa vikagusa ukingo, ndivyo vitakavyokatwa. Acha nafasi ya kiganja juu ya vichwa na chini ya miguu, na studio uwaambie wakuonyeshe kabla ya kusafisha.

Picha zikitoka, andika nyuma kwa penseli laini, majina, mahali na mwaka. Usiandike kwa kalamu ya wino, unapenya na kuhamia kwenye picha ya jirani. Usizibandike kwenye albamu zile za kurasa zenye gundi, zinageuka njano na picha haibanduki tena. Kwenye fremu weka kipande cha kadibodi kuzunguka picha isigusane na kioo, kwa sababu unyevu wa pwani unaigandisha. Na usiitundike jua linapoingia.

Hilo la kugandishwa linatufikisha kwenye picha ya harusi. Ndiyo, unaweza kuipiga kwa simu, na fanya hivyo safari hii, usiahirishe. Kama iko kwenye fremu na imeshikana na kioo, usiivute. Utabandua na uso. Iache ndani, uipige kupitia kioo. Kama inatoka yenyewe, itoe, ipeperushe vumbi kwa brashi laini, usiguse madoa kwa maji wala kwa mafuta wala kwa kidole. Ilaze mezani karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, saa tatu au saa nne asubuhi. Flashi zima. Simama juu yake, simu iwe sambamba na meza; washa ile mistari ya gridi kwenye kioo cha simu ili uone kingo za picha zimelala sawa na mistari. Usiikaribishe simu sana, kingo zitapinda. Inua kidogo, na kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, itumie.

Kioo kikirudisha mwanga au kivuli chako mwenyewe, chukua buibui, mtu mmoja alinyooshe nyuma ya simu kama pazia, lenzi tu ichungulie. Weusi wa buibui unaua mng'aro wote. Piga nane au kumi, moja ya picha nzima, nyingine za vipande: uso wa bibi, uso wa bwana harusi, mikono, tarizi ya nguo. Halafu igeuze uipige na mgongo wake, kama unaonekana. Studio nyingi za zamani za pwani zilipiga muhuri nyuma. Zanzibar, kwa mfano, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilipiga watu wa vizazi na vizazi, na muhuri wa namna hiyo unaweza kukuambia siku ile familia ilisafiri wapi. Ukimaliza, iweke ile ya asili katika bahasha ya karatasi, ndani ya kitabu kikubwa kabatini juu, isiwe kwenye nailoni, maana nailoni inafungia unyevu na ukungu unaota humohumo. Kama ni ya nyeusi na nyeupe, na ya mwaka huo yawezekana sana, itadumu kuliko picha nyingi za rangi zilizokuja baada yake.

Kisha mkae bibi na wewe, picha ikiwa mapajani mwake, na simu iwe inarekodi sauti. Muulize yule aliyeshika mwamvuli ni nani, nguo ilishonwa na nani, nyumba iliyo nyuma bado ipo au imevunjwa. Asipokumbuka jina, mpe siku mbili umuulize tena. Majina yote yaandike jioni hiyohiyo, kwa penseli, kwenye bahasha kabla hujaitia picha ndani.